Mama Anataka Nimuue Kitabuni

Shangazi mshauri,

Shikamoo. Wengi wanakuletea mizigo ya ndoa na wewe unaipokea bila kuguna, basi leo nitue na huu wangu ambao sijui hata unaitwaje, kwa sababu mama yangu mzazi ananiomba nimuue na mimi nimeshindwa, na kabla hujaita polisi naomba unisome mpaka mwisho.

Mimi ni mwandishi wa hadithi za kutisha, zile za damu hasa, si za mlango kulia kwii peke yake, na mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu, wananiita Bucha, na mke wangu akinuna ananiita hivyo hivyo. Nilianza na hadithi za mfululizo kwenye gazeti la wiki, baadaye vikawa vitabu vyembamba vya majalada mekundu, Dari Lenye Njaa, Mzigo Unaopumua, Wageni wa Bomba, vinauzwa stendi pamoja na pipi na betri, watu wazima wanavisoma kwa kuwaficha wakwe zao, na ndivyo vinavyotulisha. Sasa kazi yangu ina desturi yake, kila anayekufa kitabuni ni ndugu au jirani, maana siwezi kumhofia mtu nisiyemjua, na kwenye ukoo wetu jambo hilo limegeuka heshima, kitabu kikitoka tunakusanyika sebuleni kwa mama, nasoma kwa sauti ukurasa wa kifo, hakuna anayejua zamu ni ya nani wala atakufa vipi mpaka nimtaje, halafu marehemu anapigiwa makofi na kuwanunulia wote soda. Mjomba wangu, fundi umeme, nilimkaanga kwenye swichi aliyoifunga mwenyewe na mpaka leo anatembea na kitabu hicho kwenye begi la vifaa. Shemeji yangu, nesi, aliliwa na dari akiwa anakunja shuka, akalalamika kwamba nilimmaliza haraka mno.

Huwa natunga mchana, nimelala chali kwenye mkeka chini ya dirisha, macho nusu wazi, feni inazunguka polepole, pazia linapumua, na kila mara najikuta kwenye korido ile ile ndefu yenye zulia la kijani, sijui niliiona wapi, milango yote iko wazi na ndani wamekaa niliowaua, wamevaa vizuri, hawana hata mkwaruzo, wananisalimia kwa furaha, na siku hizi wote wananiuliza neno moja, mama anakuja lini, nami natazama mwisho wa korido ambako kuna mwanga mweupe mpole kama wa asubuhi ya mvua, mguu unakuwa mzito, narudi nimelowa jasho. Naogopa, shangazi, mimi ninayeishi kwa kuogopesha watu.

Mama alikuwa fundi cherehani, alitulea kwa kushona sare za shule, na sasa anaumwa moyo, tunakaa naye nyumba moja, na daktari amesema tumpe raha tu nyumbani. Juzi nilikuwa namkanda miguu iliyovimba akaniambia, "Bucha mwanangu, umewaua ndugu zangu, umewaua majirani, hata mwenye duka umemuua. Mimi nimekukosea nini?" Nikacheka, nikamwambia, "Wewe kitabu kijacho, mama." Akasema, "Kijacho kipi? Niweke kwenye hikihiki unachoandika sasa, na usinionee huruma, nataka watu wapige kelele."

Nimejaribu, wallahi nimejaribu, lakini mama akishakanyaga lile zulia la koridoni tu, jitu linaloua watu katika kitabu hiki linaficha kucha zake, linamvutia kiti, linamuuliza kama anasikia baridi, na mhariri amenirudishia kurasa akiuliza kama jitu langu limeajiriwa hotelini. Mke wangu anasema, "Ni karatasi tu, baba watoto." Dada yangu naye anasema nikithubutu nisimjue tena, maneno huumba, na ananikumbusha kinyozi wetu niliyemchinja kwa wembe wake mwenyewe, kwamba naye alikuja kufa kweli, ingawa ilikuwa kisukari na kitabu kilikuwa kimeshachakaa. Nikimwandika mama naona kama namsindikiza kwa mkono wangu, nisipomwandika ataondoka akiamini nilimbagua, na siku zinakwenda na pumzi yake inafupika. Nampenda mama yangu. Nifanye nini?

Ni mimi, Bucha asiyeweza kuchinja.

*

Bucha mwanangu,

Marahaba. Polisi sijawaita, ila nusura nimtafute dada yako.

Tuanze naye. Kinyozi alikufa kwa kisukari, na kalamu yako ina wino, haina sukari. Kama maandishi yako yangekuwa yanaumba, mjomba wako angekuwa majivu zamani, naye kumbe yuko mtaani anawafungia watu swichi. Mwambie hivyo, lakini mwambie kwa upole, kwa sababu huyo binti anamlilia mama yake mapema na hajui aseme vipi. Usimwache aogope peke yake.

Sasa wewe. Kitabu kijacho! Mgonjwa wa moyo unamwambia kijacho? Ulimkwepa mama yako mchana kweupe huku umeshika miguu yake, na usidhani hakukuona. Pole sana. Nami nimemuuguza wangu, najua ile miguu inavyokuwa mizito mkononi, na najua ulimi unavyokimbilia utani. Lakini utani wako ulimfungia mama mlango, na mtu mzima mwenye akili zako unapaswa kuufungua.

Unadhani ameomba kifo? Kifo anakijua kiko njiani, wala hakingoji kualikwa na mwandishi wa vitabu vya stendi. Hebu jisikilizeni nyumbani kwenu: daktari kasema raha, mkeo kasema karatasi, dada kasema usithubutu, wewe umesema kijacho. Nani kati yenu amekaa akazungumza na mgonjwa? Ukoo wenu unataja kifo kwa sauti mahali pamoja tu, sebuleni siku ya kusoma, watu wamebanana kwenye makochi wakicheka na kupiga mayowe. Mama amebisha hodi hapo kwa sababu kwingine kote hakuitikiwa.

Kwa hiyo muue, Bucha. Muue vizuri. Jitu lirudishiwe kucha zake, kwa sababu aliyelelewa kwa sare za shule hana haki ya kumpunja fundi wake. Mpigie mhariri leo, mwambie asubiri, na asipotaka kusubiri shauri yake.

Ila usiende kulala kwenye ule mkeka kwanza. Kule koridoni unazungumza na watu wa kichwani mwako, na mama yuko chumba cha pili, hai, anakusikia ukikohoa. Desturi yako ya kuficha nani atakufa vipi, safari hii iweke kando. Kesho asubuhi, akishaoga na pumzi ikiwa imetulia, mwite dada yako, sogezeni viti kitandani, umshike mkono na umuulize kama mtoto wake, si kama mwandishi: "Mama, unataka ufe vipi?"

Halafu nyamaza. Usimtanie, usimkatize, usimwambie atapona. Machozi yakija yaache yaje. Atakuambia habari za majitu na damu mpaka mcheke wote, na hayo yaandike neno kwa neno. Katikati yake atakuambia na mengine: nani akae karibu yake, dirisha liachwe wazi au lifungwe, nani asamehewe, nguo gani avikwe. Hayo usiyaandike. Yatimize.