Midomo ya Nguva wa Jangwani

Jumapili, 5 Mei 1996

Simu imelia tukiwa mezani. Delbert kaipokea, akasema "eeh" mara nyingi, kisha akauvuta waya mpaka ukumbini. Mume wangu hana siri — hana hata sauti ya chini. Leo kaipata.

Ni Twyla. Yule Twyla! Kibanda cha Nguva wa Jangwani kinabomolewa mwezi ujao, anataka akione mara ya mwisho, na hana wa kumpeleka. California nzima, hana wa kumpeleka.

Nikasema nami nakwenda.

"Utachoka bure, mpenzi," kasema Delbert. "Hakuna kitu kule."

Kama hakuna kitu, sitaona kitu. Nakwenda.

Jumanne, 7 Mei

Sijawahi kuliandika jambo hili. Ngoja niliandike.

Zamani, kabla barabara kuu mpya haijapita mbali na ile ya kwetu, watu walisimama pale jangwani, wakalipa senti hamsini, wakamtazama msichana mwenye mkia wa samaki akila ndizi chini ya maji, ndani ya tangi la kioo. Msichana ni Twyla. Mabango aliyachora Delbert. Maili sitini za mabango, na kila bango sura ya Twyla!

Kisha Twyla akaondoka na muuza matrekta wa Nevada. Mwaka uleule Delbert akanioa mimi.

Miaka ishirini na saba sasa. Kachora mabango ya matairi, ya daktari wa meno, ya maharagwe ya kopo. Mimi hajanichora hata kwenye karatasi ya kufungia nyama. Nilimwomba mara moja. Alisema nyuso ni ngumu.

Nataka kujua kitu kimoja tu: Twyla angebaki, Delbert angenioa?

Nimeosha nywele. Si kwa sababu yake.

Alhamisi, 9 Mei

Kafika kwa basi. Nilikuwa nimemwombea anenepe. Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

Kanikumbatia mlangoni. "Nadine! Delbert hakuniambia kwamba una macho mazuri hivi!"

Alikuambia nini, basi?

Kala nyama ya kuoka, sahani mbili. Kasema tangu mumewe afe hakuna anayempikia. Delbert kamwongezea viazi bila kuombwa. Mimi najiongezea mwenyewe tangu tuoane.

Jumamosi, 11 Mei

Tumefika. Naandika ndani ya pikapu, peke yangu. Nitaeleza.

Asubuhi, kabla hatujatoka, Twyla kanishika mkono. "Dada, mimi nikikaa dirishani natapika. Utanisamehe, eeh?" Akajipenyeza katikati. Pikapu yetu ina kiti kimoja kirefu, na kwetu hapa hata mtoto anajua: anayekaa katikati ni wa dereva. Dirishani hukaa mama mkwe. Au mbwa.

Kituo cha mafuta, jamaa aliyetufutia kioo kaingiza kichwa. "Safari njema, mzee, wewe na mama. Na shemeji pia!"

Shemeji ni mimi.

Delbert kalipa mafuta. Twyla kacheka mpaka akamwegemea begani. "Umesikia, Delbert? Tumeozeshwa!"

Tukaingia barabara ya zamani. Mashimo, vichaka, na mabango. Mengine yameinama, mengine yamelala kabisa. Mke wa mchoraji hujifunza mambo bila kutaka: jua hula nyekundu kwanza. Kwa hiyo kila bango Twyla hana midomo. Macho yapo, nywele zipo, mkia upo — mdomo hakuna. Maili baada ya maili, nguva asiye na la kusema. Nilianza kuifurahia safari.

Kisha bango la mwisho, mbele ya kibanda. Midomo myekundu kama nyanya! Mashavu yamejaa. Magamba ya mkia yamerudiwa rangi moja moja.

"Jamani!" Twyla kashika kifua. "Nani kafanya hivi?"

Mimi sikumwuliza nani. Nilimwuliza Delbert, lini.

"Machi."

Machi alikwenda mji wa Barstow kumsaidia kaka yake kuezeka paa. Siku tatu.

"Paa lilikuwa dogo," kasema.

"Na kwa nini hili bango moja tu?"

"Rangi iliisha."

Mtu mkweli, mume wangu. Ingetosha, angezimaliza maili sitini.

Twyla kaniwekea mkono mgongoni. "Usimkasirikie, mwenzangu. Mwanamume akizeeka huirudia kazi yake nzuri."

"Mimi kakaa nami miaka ishirini na saba," nikasema. "Hajanirudia hata mkono mmoja wa rangi."

Na mdomo wangu ukishafunguka huwa haujui breki. Nikamwuliza Delbert palepale, mbele ya Twyla: "Huyu angebaki, ungenioa?"

Delbert kavua kofia. Kaitazama ndani, kama jibu limeshonwa humo. Kaivaa tena.

"Njoo kwanza uone tangi," kasema.

Sikwenda. Wamekwenda wao.

Nawasikia mpaka hapa. Tangi tupu linavumisha sauti. Twyla anacheka, na Delbert anacheka — kicheko kirefu, cha kijana. Miaka yote hii sijawahi kukisikia. Nilidhani hana.

Funguo kaziacha kwenye gari. Nimeliwasha. Kwa ajili ya kiyoyozi tu.

Kisha nimeshuka, nikateremsha madumu mawili ya maji, nikayaweka kivulini, chini ya bango. Mimi si muuaji. Na Jumamosi watu wa pikipiki hupita hapa, lifti hawatakosa.

Kicheko kimekatika. Delbert katoka mlangoni, kiganja juu ya macho. Kayaona madumu. Anayatazama, ananitazama mimi. Hasogei.

Sandwichi za samaki ziko hapa mapajani, tatu. Kuhusu kuwaachia sandwichi bado sijaamua —