Chupa Zangu Juani

Lukozi, Jumanne

Nimemfokea mama, na bado sijatulia.

Tangu nije likizo, nimepanga chupa za maji ya mto juu ya bati la jiko. Kila moja ina ule unga niliotengeneza maabara, unaotumia mwanga wa jua kuvunja sumu ya dawa za kupulizia mboga. Kule maabara, chini ya taa, unafanya kazi vizuri. Huku ukungu hautoki. Leo jua lilipowaka nikaenda sokoni moyo mweupe. Narudi, chupa zote ziko ndani, zimefunikwa kanga.

“Nimekuanulia, mwanangu. Mvua ilitaka kunyesha.”

“Mama, umeniharibia kazi!”

Akaiondoa kanga, akaikunja.

Si yeye niliyemkasirikia. Naogopa unga wangu ni wa taa tu, na miaka yote hii ya kusoma...

Jioni nilimwomba msamaha. Akaniuliza, “Kesho jua likitoka, nizitoe?”

“Zitoe, mama.”

“Na lisipotoka?”

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake, tukachambua maharage.