Nukta ya Pembeni

Mwenzangu, uko? Acha unachofanya. Nadhani sina kazi tena.

Unaikumbuka ile grafu niliyokuwa nahangaika nayo kwenye R, ile programu ya takwimu? Kila mfanyakazi ni nukta, na wanaoandikiana ujumbe wanaunganishwa kwa mstari. Leo nimeionyesha kikaoni, ukuta mzima. Majina nimeyaficha ili ipendeze. Kujifanya fundi!

Mhasibu akauliza, "Hiyo nukta ya pembeni, isiyo na mstari hata mmoja, ni nani?"

Nami kwa maringo, "Huyo atakuwa aliacha kazi. Nitamfuta tu."

NITAMFUTA. Mbele ya watu wote!

Bosi akasema, "Hebu weka majina tumjue."

Nikaweka.

Ni bosi.

Wewe, ni BOSI! Kumbe kila jambo humwambia katibu wake kwa mdomo, na katibu ndiye anayetuandikia. Yeye mwenyewe hajawahi kumwandikia mtu. Mhasibu anajikohoza asicheke, mimi natamani ardhi inimeze.

Akaniita ofisini. Nimeingia na mkoba wangu begani kabisa. Akafunga mlango, akauliza taratibu, "Sasa mtu akitaka mstari anafanyaje?"

Nikamwambia, "Anaandika tu, mzee."

Mdomo wangu huu!

Tangu nitoke humo simu haijanyamaza. "Habari za mchana." "Umekula?" Sasa hivi ametuma picha ya paka wake.

Nimeichora grafu upya. Bosi ana mstari mmoja, mnene kama kamba, unakuja moja kwa moja kwangu.

Safari hii nukta ninayotaka kuifuta ni yangu.