Shukrani Kwanza

Jumatano, Mei 1996. Kamenu.

Eti wanataka maoni yetu. Leo prinsipo alitukusanya holini akasema tujieleze bila woga, chuo kiboreshwe. Mwalimu wa uhasibu hajaonekana tangu tufungue, na mtihani ni Julai. Nikifeli narudi Murera kuchuma kahawa ya baba. Basi nilikuwa na jambo moja tu la kusema.

Lakini kwetu mtu hasimami akalalamika hivi hivi. Lazima ashukuru kwanza. Kamau akashukuru kwa maji. Maji gani, sijui. Wambui akashukuru kwa chapati za Ijumaa, mtu mzima huyo. Zamu yangu ilipofika nilishukuru haraka haraka, nikafika kwa "lakini", na prinsipo akatazama saa.

"Asante, tumesikia mengi. Njeri, tufungie na maombi."

Njeri, jirani yangu darasani, hata nzi hamfukuzi. Akafumba macho.

"Baba, unaona hatuna mwalimu wa uhasibu. Unaona pia prinsipo anajua."

Nani atamkatiza mtu akiomba?

Prinsipo akaitikia amina kutushinda sote, kisha akamsifu Njeri kwa maombi mazuri.