Mikato Katika Barua za Baba

Waithaka, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Kabla sijauliza habari za mahindi, na kabla sijauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa, nauliza kifua cha Baba. Kimetulia, au bado kinapiga filimbi? Na wewe, goti lako linakupa nafasi ya kwenda shambani? Mimi ni mzima. Chumba changu hakivuji tena. Mwenye nyumba alipanda juu mwenyewe akaziba mabati kwa lami, huku akinilaumu kana kwamba ni mimi niliyeyatoboa.

Huku mijakaranda imeanza kumwaga maua. Nikitoka kazini Parklands naenda mjini kwa miguu, chini kote ni zambarau, na mara nyingine nafika bila kukumbuka nilipita njia gani. Najua utasema, "Nafula na ndoto zake." Ni kweli, lakini sikuziokota njiani, nilizaliwa nazo, na aliyenizaa ni wewe.

Nakwenda mjini kwa ajili ya darasa la Kirusi nililokuambia. Tunasomea ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mwalimu wetu ni Galina, Mrusi aliyeolewa na injinia wa huku kwetu aliyesomea kwao. Wanaishi Mountain View, na Kiswahili chake amejifunzia sokoni Kangemi. Tukitamka neno kwa sauti ndogo hutuambia, "Ongeza, ongeza, hiyo bado haijajaa," kama mtu anayepimiwa maharagwe. Anatueleza kwamba kwao mto huganda mpaka malori yakapita juu yake. Nilimuuliza theluji huanguka vipi. Akanivuta dirishani, akanionyesha jakaranda iliyo ng'ambo ya barabara. "Hivyo hivyo," akasema. "Bila kelele." Tangu siku hiyo, Mama, nalala na kuamka na huo mto.

Basi sikia. Mtihani wa ufadhili wa Warusi nimepita. Nimepewa nafasi ya kwenda kusomea udaktari huko Urusi, miaka sita, wao wakilipa kila kitu. Fomu yao nimeiweka humu ndani ya bahasha. Inataka idhini ya Baba, na kwa kuwa hakusoma, wamesema dole gumba linatosha.

Najua umeshaanza kupiga vigelegele. Ngoja kwanza, usije ukaamsha majirani.

Unajua kazi yangu ni uhudumu katika thieta, yaani kile chumba cha upasuaji. Msimamizi wetu ni Sista Harbans, mama wa Kisingasinga mwenye macho yasiyokosa kitu. Kabla daktari hajamshona mgonjwa, lazima vile vitambaa vya kufutia damu vihesabiwe na watu wawili, kwa sauti, ili pasibaki hata kimoja tumboni mwa mtu. Sista hutaja moja, mimi nataja mbili, yeye tatu, mimi nne. Wiki jana tulikuwa tukihesabu hivyo. Sista akasema tisa. Mimi, Mama, nilikuwa nimesimama kwenye ule mto. Nikasema, "Desyat," yaani kumi ya Kirusi.

Daktari alibaki na uzi mkononi. Sista hakupaza sauti, alisema tu, "Anza moja." Tukaanza upya, kitambaa kwa kitambaa, huku mgonjwa amelala wazi akitungoja bila kujua kwamba anatungoja. Vyote vilipatikana.

Saa ya chai ilipofika Sista akaniita. "Nafula, wewe ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, nilikuwa Urusi.

Akacheka kidogo. "Urusi mbali sana. Mgonjwa iko hapa." Kisha akanipa karatasi. Alikuwa ameshapeleka jina langu katika chuo kinachofundisha wasaidizi wa madaktari wa upasuaji, hapa hapa Nairobi, miaka miwili, wikendi nikiweza kuja nyumbani. "Mimi naona mikono yako," akasema. "Mikono haina ndoto. Kichwa tu ndiyo iko na shida."

Wote wawili, Galina na Sista, wanataka jibu kabla ya Krismasi. Njia mbili zilimshinda fisi, na huyo alikuwa na miguu minne. Mimi nataka kwenda, Mama. Nasema wazi nisije nikakudanganya. Nataka kuuona huo mto mpaka kifua kinauma.

Lakini kuna jambo lingine, na hili usimsomee Baba.

Hospitali ilitupeleka kozi fupi ya kuwasaidia wagonjwa wanaopumua kwa taabu. Tulifundishwa kumwambia mgonjwa ahesabu kwa sauti, tuone anafika wapi kwa pumzi moja. Siku hiyo nilikumbuka barua zako. Mwalimu wenu wa ngumbaru aliwafundisha kwamba mkato huwekwa pale msemaji anapovuta pumzi. Wenzako walisikia wakasahau. Wewe uliishika kama amri ya Mungu. Baba anasema, wewe unaandika, na akivuta pumzi unaweka mkato, hata kama ni katikati ya jina la mtu. Nilikuwa nikicheka nikizisoma.

Nilirudi chumbani nikazitoa zote chini ya godoro. Barua za mwaka juzi, Baba anafika maneno kumi, kumi na mawili, ndipo mkato. Ya Pasaka, maneno sita. Hii ya mwisho inasema hivi: "Mwanangu, mimi ni, mzima kabisa, usiwe na, wasiwasi."

Nililia sana, Mama. Vumbi la kile kinu cha posho alichokihudumia miaka yote limemshika koo, naye anajificha kwangu. Kalamu yako ndiyo iliyomchongea.

Sasa fanya hivi. Mpeleke zahanati, hata akigoma. Asiketi jikoni kwenye moshi. Asubuhi na jioni aketi ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji wa moto bila kuumwaga. Kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Mwambie ni amri ya Nafula, si ombi.

Nisalimie shangazi Nasimiyu, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, rangi ile ile. Kaka Wafula mwambie nimesikia ana mchumba, nangoja kumhoji kama dada. Mwalimu wako wa ngumbaru mpe shukrani zangu mkono kwa mkono, yeye hajui alichofanya.

Baada ya wiki tatu, mketishe Baba aniandikie barua. Aseme chochote, hata habari za kuku. Wewe weka mikato yako kama kawaida. Ikiwa imepungua, nitumie fomu ikiwa na dole gumba lake, nami nitakwenda. Ikiwa ni ile ile, bakini na fomu, nitamwambia Sista nipo. Najua ulivyotamani mtoto wako aitwe daktari, na najua utatangaza kanisani. Najua pia kwamba kalamu iko mkononi mwako, na ukiruka mikato miwili mitatu hakuna wa kukuona. Mimi nitaamini kila mkato utakaouweka, na kila mahali utakapopaacha wazi.

Kitinda mimba wako,
Nafula