Karatasi ya Kumgeuza Mama

4 Machi

Shemeji,

Salamu. Mimi mzima, mgongo tu, huo umeshanizoea. Wewe je, na watoto?

Kwenye simu hatuelewani. Kila nikianza unasema uko kazini, unakata. Barua huwezi kuikata. Mwandiko usiucheke. Marehemu dada yako ndiye alikuwa mwandishi wa nyumba hii.

Jumapili nilikwenda kumwona Mama kule kwenye nyumba ya wazee. Ana kidonda nyongani. Mimi ni mkwe, sikutakiwa kukiona, ila shuka lilikuwa limelowa, nesi nimemwita hakuja. Nikakiona. Ukubwa wa kifuniko cha soda.

Mtu aliyepooza miguu hajigeuzi. Wanatakiwa wamgeuze kila saa mbili. Kuna karatasi imening'inia miguuni mwa kitanda, wakimgeuza wanaweka alama ya vema. Mimi nilifika saa nne asubuhi. Vema zilikuwa zimeshafika saa kumi na mbili jioni.

Saa yangu haina ubovu. Nimeangalia mara mbili.

Huu mchezo naujua. Kwenye saiti yetu ya ujenzi nyapara anaandika watu wamefika kazini, wenyewe bado wako kitandani. Wewe binti yake ndiye uliyetia sahihi siku anapelekwa. Waulize.

Shemeji yako


19 Machi

Shemeji yangu,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu ya mgongo. Huku hatujambo, watoto wanakusalimu, mdogo bado anauliza lini utakuja umbebe mabegani.

Mwandiko wako nimeusoma wote, usijali. Niliwapigia. Yule mama msimamizi alinisikiliza vizuri sana, akafungua faili nikiwa kwenye simu. Anasema kumbukumbu zote zimekamilika, Mama anageuzwa kwa wakati, na kidonda ni cha kawaida kwa watu wa umri wake.

Shemeji, nakuomba sana, usigombane nao. Tukiwachosha watasema tumchukue. Wewe una chumba kimoja ghorofa ya tatu, mimi nyumba hii ninayoishi si yangu. Nani atambeba? Nenda, msalimie, mpe uji wake, rudi.

Shemeji yako akupendaye


2 Aprili

Shemeji,

Salamu. Mimi mzima.

Zimekamilika, ndiyo. Zimekamilika kabla siku haijaisha.

Kwenye saiti ukitaka kumkamata nyapara unachukua daftari lake, unampelekea mwenye jengo. Basi karatasi ya Mama nimeichukua. Niliikunja nikaitia ndani ya kofia, nikatoka nayo. Iko humu kwenye bahasha. Iangalie. Kalamu moja, mkono mmoja, siku nzima. Anayemgeuza mtu kila saa mbili hapigi mstari mnyoofu hivyo.

Shemeji yako


11 Aprili

Shemeji,

Salamu.

Nimeharibu.

Nilirudi baada ya siku nne. Mama yuko ubavu uleule niliomwacha nao. Nesi wa zamu, mgeni, ananiambia, "Karatasi yake haipo, hatujui zamu yake imefikia wapi. Tunasubiri nyingine kutoka ofisini." Siku nne wanasubiri karatasi. Mtu mwenyewe yuko mbele ya macho yao.

Kidonda sasa ni kitako cha glasi.

Nikamgeuza mwenyewe, kwa shuka. Akaniambia, "Taratibu wewe, mimi si mfuko wa saruji." Tukacheka. Halafu akalia kidogo, nikajifanya natafuta kofia.

Msimamizi akaja. "Wewe ni nani wake?" Nikasema mkwe. Akasema aliyetia sahihi ni binti, kwa hiyo mimi sina ruhusa ya kuuliza wala kumshika. Na karatasi nimeiba, mali ya nyumba. Sasa mlinzi ameambiwa nisipite getini.

Niandikie barua kwamba mimi naweza kuuliza badala yako. Mistari miwili na sahihi. Na karatasi nirudishie.

Shemeji yako


28 Aprili

Shemeji,

Salamu. Sijapata jibu.

Kila mapumziko ya mchana natoka saiti nakwenda kusimama getini. Zege limenikaukia mikononi. Mlinzi ananiambia, "Mzee, nenda ukale, usinitafutie kufukuzwa." Si mtu mbaya. Juzi aliniambia Mama bado anakula. Ndiyo habari niliyonayo.

Mistari miwili, shemeji.

Shemeji yako


9 Mei

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi haikuwa sababu, nisikudanganye.

Karatasi ninairudisha humu. Nimeitazama mpaka nimezikariri zile vema.

Barua sijaandika. Nimeianza mara tano. Siku ile ninampeleka nilimwambia ni kwa mwezi mmoja tu, nikijipanga nitakuja kumchukua. Huu ni mwaka wa pili. Kitu pekee nilichobakiza kwake ni ile sahihi. Nikikupa wewe, nimebaki nani kwa Mama? Najua unavyoniona. Nipe wiki mbili.

Shemeji yako


23 Mei

Shemeji,

Salamu. Mimi mzima. Wiki mbili zako sikuzingoja.

Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii na ile karatasi. Nimekaa kwenye benchi siku tatu, njoo kesho, njoo kesho. Saiti wameweka mtu mwingine mahali pangu. Siku ya nne mkaguzi mmoja, dada mfupi, akaisoma karatasi akachukua mkoba. Tukaenda naye. Mlinzi akafungua geti kabla hatujafika.

Msimamizi akaleta faili. Mkaguzi akasoma, akauliza, "Bibi ana akili timamu?"

"Anazo," msimamizi akajibu.

"Anaongea?"

"Anaongea mno."

"Sasa mbona humu ni binti, mkwe, binti, mkwe? Yeye amesema nini?"

Msimamizi akarudi kupekua faili. Na mimi nina kosa, shemeji. Tangu Machi nagombania nani amsemee, sikuwahi kumuuliza.

Akamuuliza. Mama amesema karibu saa nzima. Nani anamgeuza na nani anapiga vema akiwa mlangoni. Kengele wameifunga ukutani, mkono wake haufiki. Wanamwita Kitanda cha Saba. Halafu akatufikia mimi na wewe: "Na hao wangu wawili, mmoja anavunja geti, mwingine anaficha kalamu. Mimi nilikuwa nimekufa?"

Mkaguzi kayaandika yote, Mama kapiga dole gumba chini yake. Hakuna wa kumtilia sahihi akiwa bado ana ulimi wake. Mimi naingia kwa sababu yeye kasema niingie.

Usifurahi sana. Kidonda bado, kinanuka, daktari aliyeahidiwa hajaja. Msimamizi ni yuleyule, salamu yangu haitikii. Ila karatasi mpya anashikishwa Mama mwenyewe. Jana nesi kapiga vema kabla ya kumgeuza. Mama akamwambia, "Kata." Akaikata.

Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Kuletwa hapa sikukasirika. Nilikasirika kuambiwa mwezi mmoja."

Basi habari za Mama usiniandikie mimi tena. Mwandikie yeye. Macho hayasomi, nitamsomea mimi. Nasoma polepole lakini sitaruka neno, hata pale utakaponisema.

Shemeji yako