Bega la Djo na Chuma cha Saruji

Kataki, Kalemie
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa kaka Théophile,

Pokea salamu za nyumbani. Wewe, wifi yangu Reine na watoto mko salama huko Lubumbashi? Baridi ya mwezi huu haijawabana vifua? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu, ila mdogo wetu Djo anaumwa bega.

Kile chuma chenu cha mazoezi, wewe na Djo, bado kipo nyuma ya jiko. Unakumbuka mlivyokitengeneza? Saruji ya Kabimba, mchanga wa ziwani, na makopo mawili ya rangi, moja kila ncha, ambayo Mama, Mungu amrehemu, aliyatafuta mpaka akachoka. Kopo moja lilitoka zito kuliko lingine kwa sababu Djo alilijaza kokoto, nanyi hamkutaka kulivunja. Mlinyanyua kwa zamu, wewe ukasema "geuza", upande mzito ukahamia mkono wa pili. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua majani ya sombe na kuwacheka. Jioni zile nazitamani sana, kaka.

Tangu uondoke, Djo ananyanyua peke yake na hakuna wa kumwambia ageuze. Upande mzito umekaa mkono wa kuume miaka yote hii. Bega lilipoanza kuuma alinificha. Jirani yetu Mama Pascasie akamkanda kwa maji ya moto, akalivuta kwa zile nguvu zake unazozijua, likavimba zaidi. Na bado Djo akaendelea na chuma. Nilipomgombeza alinijibu, "Nikiacha nitalegea, na Papa nani atamubeba?"

Maana tangu miguu ya Papa ikatae, Djo ndiye humshusha ngazi na kumfikisha kanisani kila Jumapili. Majirani wamejitolea, lakini Papa hataki kubebwa na mtu asiye mwanawe. Unaujua ukaidi huo, umeurithi wote.

Wiki iliyopita mkono ulishindwa hata kuvaa shati, nikampeleka hospitali. Muganga amesema nyama ya ndani ya bega imechanika. Asibebe kitu miezi mitatu, afanye mazoezi mepesi ya kuunyoosha mkono, la sivyo hautapanda tena juu ya kichwa.

Papa hakulalamika. "Acha mutoto apone kwanza," alisema. Lakini Jumapili nilimkuta amevaa koti, amechana nywele, amekaa kitandani anasikiliza kengele. Akaniuliza kama kazini kwako wanatoa likizo. Nilitoka nje nikalia.

Kaka, omba ruhusa uje. Hata kwa Jumapili chache tu.

Djo anakusalimu, Mama Pascasie pia, na Papa zaidi ya wote. Tubusie watoto.

Mungu akulinde njiani, maana moyoni mwangu umeshaanza safari.

Dada yako akupendaye,
Nadine